Karabini ya 9 mm: shabaha ndiyo, kulungu hapana

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mkenya, nyumbani ni Kitale, na sasa ni mwaka wa saba niko Columbus, Ohio. Nina kadi ya kijani na nimeanza kujaza fomu za uraia. Juzi nimenunua Ruger PC Carbine ya 9 mm, karabini (bunduki fupi yenye kitako) inayopiga risasi za bastola, naipenda sana. Wenzangu kazini wamenialika kuwinda kulungu msimu ukifunguliwa. Naweza kwenda na karabini hii? Na niibadilishe nini kwanza? Nimeona watu wanaweka mtutu mfupi, kifyatulio chepesi, kitako kipya, mpaka nimechanganyikiwa. Mpwa wangu aliyekuja kusoma chuo naye anataka twende wote kiwanjani. Na siku nikirudi nyumbani kabisa, naweza kuondoka nayo?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Naanza na kulungu, maana msimu haukusubiri. Usiende na karabini hiyo. Sheria ya Ohio haikuruhusu, na hata ingekuruhusu mimi ningekuomba uiache nyumbani.

Kwa bunduki ndefu zisizo za gobori wala za marisau, Ohio inaruhusu kuwinda kulungu kwa risasi zenye ganda lililonyooka tu, yaani ganda lisilobanwa shingoni, na kipenyo chake kiwe kati ya inchi .357 na .50. Risasi yako ya 9 mm ina kipenyo cha inchi .355. Umepungukiwa na sehemu mbili za elfu moja za inchi, unene ambao jicho haliuoni, lakini askari wa wanyamapori hapimi kwa jicho, anasoma maandishi yaliyochorwa kwenye mtutu. Jirani yako mwenye bunduki ndefu ya .357 Magnum yuko ndani ya sheria. Wewe uko nje.

Najua utaniambia: mwalimu, sehemu mbili za elfu moja za inchi zina nini? Hapo una haki ya kuuliza. Tofauti ya risasi hizo mbili haiko kwenye kipenyo, iko kwenye baruti. Ganda la 9 mm ni fupi, baruti yake haifiki hata nusu gramu, nayo huwaka haraka kwa sababu ilikusudiwa mtutu wa bastola. Risasi ikishafika katikati ya mtutu wako wa sentimita 41, sehemu kubwa ya kazi ya baruti imekwisha. Kwa hiyo risasi ya gramu 7.5 inayotoka kwenye bastola kwa mwendo wa mita 350 hivi kwa sekunde, kwenye karabini utaipata kwenye mita 400 na kidogo. Umeongeza kitu, lakini bado ni risasi ya bastola. Ile nzito ya gramu 9.5, iliyotengenezwa isivuke mwendo wa sauti, huongeza kidogo mno. Sasa chukua .357 Magnum, iliyozaliwa mwaka 1935. Ganda lake ni refu, linabeba karibu gramu moja ya baruti inayowaka polepole, na mtutu mrefu unaipa nafasi ya kumaliza kuwaka. Risasi ya gramu 10 inayotoka kwenye rivolva kwa mita 375 hivi, kwenye bunduki ndefu inatoka kwa mita 530 au 550. Kwa nguvu, 9 mm yako inaondoka na jouli 600 hivi, ikifika yadi 100 zimebaki chini ya 400. Hiyo .357 inaondoka na jouli 1500. Na .44 Magnum ya mwaka 1955, ikiwa kwenye mtutu kama huo, inapita 2000.

Watu wengi hudhani karabini ya risasi za bastola ni mtindo mpya. Winchester walitoa bunduki yao ya wenzo, inayopakiwa kwa kusukuma wenzo ulio chini yake, mwaka 1873 kwa risasi ya .44-40, na miaka mitano baadaye Colt wakatengeneza rivolva inayokula risasi hiyohiyo, ili mchungaji wa ng'ombe abebe mkanda mmoja wa risasi kwa silaha mbili. Wazo ni lilelile hadi leo, na ndiyo maana karabini yako inakubali kubadilishwa mlango wa magazini, yaani kisanduku cha risasi, ili ile magazini za bastola za Glock. Ni wazo zuri. Lakini hata wale wa 1873 walijua ni bunduki ya karibu.

Nina sababu yangu ya kukaza sauti hapa. Msimu wangu wa pili wa kuwinda nilikwenda na bunduki ya wenzo ya .357, halali kabisa, kibali mfukoni. Nilikuwa nimepakia risasi nyepesi zenye shimo kichwani, zilizotengenezwa kwa kujilinda nyumbani, kwa sababu ndizo nilizokuwa nazo kabatini. Kulungu dume alitoka kwenye mahindi, na umbali nilioukadiria kuwa yadi 90 ulikuwa karibu 130. Nilifyatua. Akayumba, akakimbia. Tulifuata damu hadi giza likatukuta, kesho yake tukarudi alfajiri, tukapata matone yanayopungua mpaka yakakoma kwenye kijito. Risasi ile ilipasuka kwenye mfupa wa bega kabla haijafika mapafuni. Mnyama yule aliteseka kwa sababu yangu, na nyama yake haikumfaa mtu. Sijawahi kulisahau jambo hilo, na sitaki likupate wewe kwa bunduki iliyo dhaifu mara mbili zaidi ya ile niliyokuwa nayo.

Kwa hiyo ukitaka kulungu, tafuta bunduki ya wenzo ya .357 au .44 Magnum. Rossi R92 na Marlin 1894 ndizo nilizozizoea, ni fupi, nyepesi, na hazisumbui kwenye kichaka. Mtu akiniuliza moja tu, namwambia .44, kwa sababu inakusamehe makosa madogo ya umbali. Kwa .357 chagua risasi nzito ya gramu 10 yenye pua laini, isiyopasuka mapema, na ujiwekee mpaka wa yadi 75 mwaka wa kwanza. Lenga nyuma kidogo ya mguu wa mbele, theluthi ya chini ya kifua, mnyama akiwa amekupa ubavu. Akianguka au akikimbia, kaa ulipo nusu saa kabla ya kumfuata. Kulungu asiyefukuzwa hulala karibu, anayefukuzwa huvuka shamba la mtu mwingine.

Mambo ya sheria ya siku hiyo usiyaache kwa wenzako wakujuzie. Ohio inakutaka usiwe na risasi zaidi ya tatu ndani ya bunduki, chemba (tundu inamokaa risasi ya kufyatuliwa) na magazini kwa pamoja, hata kama bomba la risasi lililo chini ya mtutu linabeba kumi. Vaa fulana au koti la rangi ya chungwa la wawindaji juu ya nguo zote. Ardhi ya mtu binafsi unaingia kwa ruhusa ya maandishi. Ukimwangusha kulungu, unaripoti kwa simu au mtandaoni kabla ya saa sita mchana ya siku inayofuata. Kabla ya leseni yako ya kwanza kuna kozi ya mafunzo ya uwindaji. Ipo leseni ya mwanagenzi inayokuruhusu kwenda na mwenyeji bila kozi, ila mimi nakushauri ukae darasani. Kila mwaka Idara ya Wanyamapori ya jimbo hutoa kijitabu cha kanuni. Kisome cha mwaka huo, kwa sababu kanuni hubadilika. Na kama wewe ni Mwislamu, zungumza na shehe wako kabla ya msimu kuhusu kupiga bismillahi wakati wa kufyatua na kumuwahi mnyama akiwa hai, usije ukasimama porini na nyama usiyojua kama utaila.

Hivi karabini yako haina kazi porini? Inayo. Kayoti, yule jamaa wa mbweha anayewasumbua wafugaji wa kuku na kondoo, hana msimu wa kufungwa Ohio, na 9 mm yenye kichwa kinachofumuka inamtosha mpaka yadi 75 hivi. Wiki ya kulungu ina masharti yake ya ziada kwa wanyama wengine, kwa hiyo siku hizo mwache. Mkulima anayekukubalia uwinde kayoti mwezi wa pili, mara nyingi ndiye atakayekukubalia kulungu mwezi wa kumi na moja. Mimi nilipata shamba langu la kuwindia hivyo.

Sasa tuje kwenye kubadilisha. Hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea.

Elewa kwanza bunduki yako inavyofanya kazi. Haina komeo la kufunga chemba kama bunduki kubwa. Kinachozuia ganda lisirudi nyuma mapema ni uzito wa bolti tu, yaani kile chuma kinachoteleza nyuma ya chemba, pamoja na springi. Ndiyo maana bolti ya karabini hii ni nzito, na Ruger wameweka ndani yake kipande cha tangsteni kinachoteleza ili kupunguza mshtuko. Ndiyo maana pia inapiga teke kuliko ulivyotarajia kwa risasi ndogo namna hiyo: unachokisikia begani ni chuma kile kinachokwenda na kurudi. Mtu akikuuzia bolti nyepesi au springi laini ili "iwe tamu", mkatalie. Ukipunguza uzito huo ganda linafunguka presha ikiwa bado juu, na vipande vya shaba vinakurukia usoni.

Kitu cha kwanza cha kununua ni doti nyekundu nzuri, yaani kilengeo cha kioo kinachoonyesha nukta nyekundu pa kulenga. Ifunge juu ya bodi, kaza skrubu kwa kipimo alichoandika mtengenezaji, kisha uirekebishe kwa yadi 50. Hapo risasi itakuwa karibu na doti kuanzia yadi 25 hadi 60 na kitu, na kwenye yadi 100 itashuka sentimita 13 hadi 15. Kuna jambo moja linalowashangaza wageni: doti inakaa sentimita nne au tano juu ya mtutu, kwa hiyo ukipiga shabaha iliyo hatua tano mbele, risasi inagonga chini ya ulipolenga kwa karibu kiasi hicho. Bunduki haijaharibika. Jizoeze kulenga juu kidogo ukiwa karibu.

Karabini yako inakatika vipande viwili, mtutu kando na bodi kando, na doti inakaa kwenye bodi. Pale zinapoungana pana pete ya kurekebishia. Ikilegea, kila ukiiunganisha shabaha yako inahama. Ikaze mpaka kiungo kisichezecheze hata kidogo, kisha fanya jaribio hili: piga risasi tano yadi 50, ivunje, iunganishe, piga tano nyingine kwenye karatasi hiyohiyo. Makundi mawili yakikaa pamoja, umemaliza. Wengi wanaonijia wakilalamika kwamba doti yao ni mbovu, ugonjwa wao huwa uko kwenye pete hiyo.

Cha pili ni mkanda wa begani. Cha tatu ni urefu wa kitako. Karabini hii hutoka kiwandani na vipande vya kuongeza au kupunguza urefu. Wengi hawavigusi. Shika kitako kwenye kona ya ndani ya kiwiko, kidole kifike kwenye kifyatulio bila kujinyoosha. Mke wako akija kujaribu, toa kipande kimoja kabla hajaanza kuichukia bunduki. Kwa kitako kipya cha bei kubwa sioni haja, isipokuwa kama umeshapiga ya kiwandani mwaka mzima na unajua inakukera wapi.

Kifyatulio chepesi kisubiri. Vipande vya kifyatulio vya Ruger 10/22, bunduki nyingine ya kampuni hiyohiyo, vinaingia humo, kwa hiyo kubadilisha ni rahisi, na hilo ndilo linanitia hofu. Kifyatulio cha mashindano kwa mtu ambaye kidole chake bado hakijajifunza kukaa nje mpaka shabaha iwe mbele, ni hatari kwa aliye pembeni. Piga risasi elfu mbili na ulichonacho. Kitalainika chenyewe, na wewe utakuwa umebadilika zaidi yake. Ukija kubadilisha, mpe fundi mwenye leseni, na baada ya hapo ijaribu ikiwa tupu: kizuizi cha usalama kikiwa kimefungwa, bonyeza kifyatulio, gonga kitako sakafuni, hakikisha nyundo haianguki.

Mtutu mfupi usiuguse. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1934 inahesabu bunduki yenye kitako na mtutu chini ya inchi 16 kuwa silaha ya daraja maalumu, inayotaka usajili na idhini kabla hujaitengeneza. Wako una inchi 16.12, umepita mstari kwa unene wa ukucha. Usikate, usinunue mtutu uliokatwa ukauweka droo moja na bunduki, na usifunge kifaa chochote kinachodai kuifanya ifyatue haraka. Nakuambia haya kwa uzito kwa sababu wewe si raia bado. Mwenzako mzaliwa wa Ohio akikosea atapata kesi. Wewe kosa la silaha linaweza kukuondolea kadi yako na kukurudisha Kitale kwa nguvu, hata kama una watoto waliozaliwa hapa.

Na hilo linatuleta kwa mpwa. Kadi ya kijani inakupa haki ya kununua na kumiliki. Viza ya mwanafunzi kwa kawaida haimpi yeye. Sheria ya shirikisho inamkataza mwenye viza ya muda hata kushika bunduki au risasi, isipokuwa awe na sifa mojawapo iliyotajwa, na inayotumika sana ni leseni halali ya kuwinda iliyotolewa na jimbo. Dakika kumi za kupiga shabaha kwa furaha ya kijana zinahesabika kuwa ni kumiliki. Aliyempa mkononi naye ana hatia. Basi achukue leseni ya kuwinda kwanza, aongee na mwanasheria wa uhamiaji wa chuo chake, ndipo aje. Mpaka siku hiyo aje kutazama tu, au asije. Na usimnunulie bunduki kwa jina lako. Fomu ya 4473 uliyojaza dukani inakuuliza wazi kama mnunuzi halisi ni wewe, na uongo pale ni jinai.

Kiwanjani, vaa vizibo vya masikio na juu yake vifuniko, vyote viwili, hasa kwenye kiwanja cha ndani. Mlio unapita desibeli 140 na sikio halioti tena. Vaa miwani. Kwa mazoezi tumia risasi za bei nafuu zilizovikwa shaba kichwa kizima. Shabaha za chuma zisiwe chini ya yadi 10 na zisiwe na mashimo yaliyochimbika, kwa sababu shimo ndilo linalorudisha vipande. Ukimaliza osha mikono kwa sabuni kabla ya kula, na viatu vya kiwanjani viache mlangoni, maana vumbi la madini ya risasi ni sumu kwa mtoto anayetambaa. Bunduki za aina hii huchafuka haraka, kwa hiyo kila baada ya risasi mia tatu au nne fungua, futa masizi kwenye bolti, tia tone la mafuta, rudisha.

Ukipenda mchezo, mwaka 2016 USPSA, chama kikubwa cha upigaji shabaha wa vitendo huku, kilianzisha daraja la karabini za risasi za bastola. Nenda siku moja ukatazame bila bunduki. Utaona kila karabini ikihamishwa ikiwa tupu, na kibendera cha plastiki kimechomekwa chembani ili mtu aliye mbali aone. Nunua kibendera hicho, hakifiki bei ya soda mbili, ukitumie hata nyumbani.

Kuhusu nyumbani: nyumba zetu hazikosi wageni. Jumapili moja wanaweza kujaa watoto kumi, nusu yao huwajui majina, na wanafungua kila mlango. Karabini inayokatika vipande viwili na kuingia kwenye begi dogo inamvutia mtoto kuliko bunduki ndefu ukutani. Iweke kwenye sefu ya chuma iliyofungwa kwa boliti ukutani, risasi kwenye sanduku lake lenye kufuli, na ufunguo usikae juu ya kabati ambalo kila mtu anajua.

Swali lako la mwisho. Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu mwaka 1977, na kumiliki silaha kunataka leseni ya bodi ya serikali inayotolewa kabla silaha haijaingia nchini. Kuitoa Marekani nako kuna vibali vyake. Bunduki iliyokutwa kwenye kontena la vitu vya nyumbani Mombasa haina maelezo yatakayoeleweka. Usifikirie kuisafirisha. Siku ya kurudi ikifika, ipeleke kwa muuzaji mwenye leseni, akuandikie risiti yenye namba ya bunduki, na risiti hiyo uihifadhi pamoja na pasipoti. Kwa sasa niletee karatasi yako ya yadi 50, makundi mawili, kabla na baada ya kuivunja, nikuangalizie ile pete.